Kubebesha

Hapa Katumba sisi tunaita kubebesha.
Hospitali ya Rufaa, Mbeya, walisema kupandikiza,
nikacheka peke yangu kwenye benchi.
Ndani, Ambilikile amelala, tumbo limejaa maji,
macho rangi ya ndizi iliyovia.
Ini limechoka, figo zimelifuata,
ng'ombe wa nira moja.

Nikamwambia daktari: nakata vikonyo vya parachichi
tangu nilipomaliza darasa la saba.
Najua kisu kikali, najua utepe wa nailoni,
najua shina linalokataa,
linavyokunja majani wiki ya tatu bila kelele
wakati wewe umeshahesabu faida.

Daktari Mgongolwa akachora nyuma ya karatasi ya maabara.
"Kuna mtoaji aliye hai, kuna mtoaji aliyefariki.
Aliye hai tunampangia siku,
kiungo hakilali sana kwenye barafu.
Lakini kukumega ini na kukutoa figo pamoja, dada,
ni kutengeneza mgonjwa wa pili."
Basi ini la mwingine, figo yangu?
"Inawezekana. Ila vikitoka mwili mmoja
ini humkingia mwenzake kifua.
Askari wa mwili wakija na marungu
wanalikuta mlangoni, linasema: huyu ni wetu."
Akafunika kalamu.
"Mara nyingi. Sikuahidi kila mara."

Tukachangishana damu kama tunavyochangishana harusi.
Lugano: kundi linakubali, sukari imekataa.
Anyisile: mjamzito.
Asajile alisema ndiyo mbele ya ukoo wote,
asubuhi simu yake haipatikani.
Simlaumu. Ini si debe la viazi.
Mimi nilikubaliwa figo.
Usiku niliipapasa kiunoni
kama noti iliyofungwa kwenye pindo la kitenge.

Shamba la Isongole likauzwa, wakaenda ng'ambo,
yeye na mkewe na begi la dawa.
Mimi nilibaki na pasipoti mpya, nikingoja kuitwa.

Jumanne, mvua ya Rungwe, ile isiyouliza msimu.
Simu.
"Amepatikana mtu."
Kijana. Pikipiki. Ini na figo, vyote kwa mmoja.
Amepatikana.
Nikasimama kitaluni na kisu mkononi
nikilitazama hilo neno.
Kuna nyumba, usiku huohuo,
walikuwa wanasema tumempoteza.

Nilifurahi. Niseme ilivyokuwa.
Nilifurahi kabla sijamhurumia,
na figo zangu mbili zikanyamaza
kama watoto waliovunja chungu.

Mwezi wa tano sasa.
"Mkojo, dada! Nakojoa kama ndama!"
Anacheka mpaka mtandao unakatika,
anadai mbalaga, anadai maziwa mgando,
mkewe anamkatalia kwa nyuma.
Vidonge kumi na vinne kwa siku.
Waganga wake hawasemi amepona,
wanasema mwili unakubali,
unakubali, wakati uliopo,
nami nawaelewa:
siuzi mche kabla haujachipua mara ya tatu.

Masika haya upepo uliangusha mparachichi nyuma ya kanisa.
Mti wa watu, mzazi mzuri.
Nilikimbia na kisu kabla majani hayajalegea,
nikavikunja vikonyo kwenye gazeti bichi,
nikabebesha arobaini.
Vimeshika ishirini na tisa.
Vya mti uliosimama vingeshika zaidi, najua,
ila mti uliosimama ungebaki na kidonda
na ningepita mbele yake kila siku.

Nikiimwagilia nasema ndaga,
sijui kwa nani, sijui kwao wanajibu vipi.
Jana mteja wa Uyole aliinama akashika mmoja:
"Huu bei gani?"
Ngoja kwanza, nikamwambia,
huo bado unazoeana na mwenyeji wake.